Orodha ya Mwaka ya Ndege wa Pwani: Anza na Maji, Darubini Baadaye

Mwaka wa kwanza nilipoamua kuandika orodha ya ndege wa kipande changu cha pwani, nilifanya kama wengi wafanyavyo. Alfajiri ya tarehe 1 Januari nilikuwa ufukweni, nikazunguka mpaka jua likawa kali, nikarudi na spishi 41. Wiki ya pili nikapata nne mpya. Wiki ya nne, moja. Ilipofika Machi nilishakata tamaa, nikiamini eneo limeisha. Kumbe halijaisha. Nilikuwa nikienda asubuhi ileile kila siku bila kujiuliza bahari iko wapi.

Ndege wa ufukweni hafuati saa ya ukutani. Maji yakipwa, vitwitwi na sululu hutawanyika kwenye tope lote kutafuta minyoo na kaa, nawe unabaki kutazama vidoa vya kijivu vinavyotetemeka kwenye joto. Maji yakianza kujaa, huwasukuma hatua kwa hatua kuelekea ulipo, mpaka wanabanana kwenye fungu la mwisho lililo kavu. Kwa hiyo nenda muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, kaa mahali pamoja, tulia. Usiwafuate. Bahari itakuletea.

Pwani nyingi hupata maji kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, na katikati yake kuna maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Kwangu mimi siku za bamvua ndizo za kuhesabia, kwa sababu tope lote hufunikwa na kila ndege analazimika kusogea. Maji mafu nayatumia kwa kazi nyingine: kumtazama ndege mmoja kwa nusu saa nzima, nijue anavyotembea, anavyochomeka mdomo, anavyolia akishtuka. Tangu nilipoanza kuweka jedwali la maji ndani ya daftari, orodha yangu ilianza kupumua upya.

Mpaka wa eneo uchore siku ya kwanza na usiuguse hadi Desemba. Wangu ni mwendo wa saa moja kwa miguu, kutoka mdomo wa kijito hadi kwenye miamba. Kanuni yangu ni kwamba mimi niwe nimesimama ndani ya mpaka. Ndege anaweza kuwa baharini au anapita juu. Mwaka mmoja niliupanua kidogo ili kidimbwi kimoja chenye bata kiingie. Nilipata spishi tatu za haraka, lakini nilipotaka kulinganisha mwaka huo na uliotangulia sikuweza, kwa kuwa sikuwa tena nahesabu mahali palepale. Nilijuta, kwa sababu mwaka uliopita haurudi kuhesabiwa upya.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: andika zaidi ya majina. Orodha ya majina matupu itakuambia tu kwamba buabua alionekana mwaka huu. Andika tarehe, hali ya maji, upepo, idadi, na alichokuwa akifanya. Andika pia siku ambazo hukuona kitu, kwa sababu sifuri nayo ni taarifa. Bila sifuri zangu za Agosti nisingejua kama yule kitwitwi mweupe anayekimbizana na mawimbi, ambaye vitabuni huitwa Calidris alba, amewasili wiki hii, au alikuwepo siku zote na mimi ndiye sikuwepo. Ndege huyo huzaliana kaskazini kabisa, karibu na ncha ya dunia, kisha husambaa kwenye fukwe za mchanga za karibu mabara yote. Tarehe anayotua ufukweni kwako inastahili kuandikwa vizuri.

Pia usiifunge daftari ndege wa safari wanapoondoka. Nilidhani miezi hiyo ni mitupu, hadi nilipomsikia sululu wa nyusi nyeupe akipiga mluzi wake wa haraka, mara saba hivi mfululizo, wakati wenzake walikuwa mbali wakiatamia. Wengi wa ndege hawa hawarudi kaskazini kuzaliana mwaka wao wa kwanza. Wadogo hubaki pwani mpaka wakomae.

Kuhusu wasiojulikana: waache wasiojulikana. Niliwahi kuandika spishi adimu kwa kumwona ndege sekunde chache, jua likiwa machoni mwangu. Nilimtaka sana awe yule niliyemfikiria. Baada ya wiki mbili nilisoma upya maelezo yangu nikakuta sikuwa nimeandika rangi ya miguu, umbo la mdomo, wala kiuno cheupe. Nilimfuta. Siku hizi naandika “kitwitwi, hakutambulika”, na kabla sijafungua kitabu nachora nilichokiona, maana ukitangulia kitabu, macho huanza kukumbuka picha badala ya ndege. Jua nalo liweke mgongoni. Hilo pekee lilinitatulia nusu ya mashaka.

Na tafadhali, usiwashtue ndege wakaruka. Kundi linalopumzika maji yakiwa juu halina pengine pa kwenda, na karibu na msimu wa kuondoka kila ndege anajaza mafuta mwilini kwa ajili ya safari. Mwaka 2022 ndege mchanga mmoja wa Limosa lapponica, ndege wa ufukweni mwenye mdomo mrefu, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, takriban kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Ndege wa namna hiyo akirushwa mara tano mchana kwa sababu mtu anataka picha ya karibu, anatumia akiba ambayo hatapewa tena njiani. Mimi husimama ninapoona vichwa vinainuka. Vikizidi kuinuka, narudi nyuma, hata kama kuna spishi mpya katikati yao.

Ukiona mguuni mwa ndege pete au kibendera, alama ambazo watafiti huwafunga ili kuwatambua, andika rangi na mpangilio wake, juu au chini ya goti, mguu wa kulia au wa kushoto, kisha wapelekee wanaofuatilia ndege wenye alama. Nilimwona ndege mmoja mwenye kibendera kwenye fungu lilelile kwa miaka miwili, na mara zote mbili alikuwa pembeni mwa kundi, upande wa miamba. Mwaka wa tatu nilimtafuta bamvua tano mfululizo, na kwenye mstari wake kuna sifuri tano.