Makopo hayalipi kama unavyofikiri, hela iko kwenye vitu vingine

Mkuu umeuliza kama kuuza taka za nyumbani kunaingiza hela kweli au ni stori tu za watu. Kunaingiza, ila siyo kwa njia wengi wanayoiwaza. Mimi nipo Tabata hapa Dar, nyumba ya kupanga, familia 6 uani, na hii kitu naifanya mwaka wa 3 sasa, kwa hiyo nasema nilichopitia mwenyewe, wa Mwanza au Arusha bei zenu mnazijua.

Nilianza na makopo, yaani chupa tupu za plastiki, kama kila mtu. Nikajaza kiroba cha mchele cha kilo 50 mpaka mdomo haufungi, chupa za maji za nusu lita tupu, nikajiona leo gesi imepatikana. Kupima, kilo 2 hazifiki. Kilo moja ya zile chupa ndogo ni chupa 60 na ushee mkuu, hesabu mwenyewe, bei ya siku ile ilikuwa 400 kwa kilo nikapewa 700, nauli ya kwenda Kariakoo bila ya kurudi. Siku hizi nazikanyaga kwanza ili kiroba kibebe nyingi, na navua kizibo naweka kwenye ndoo ya peke yake, kwa sababu kizibo ni plastiki nyingine kabisa. Ukigeuza chini utaona kapembetatu kenye namba, 1 ndio chupa za maji na soda, 2 na 5 ndio madumu, ndoo, mabeseni, vizibo, hiyo wanaita plastiki ngumu na ina bei yake. Ukipeleka vimechanganyika mnunuzi atakulipa vyote kwa ile bei ya chini halafu akachambue yeye mwenyewe, faida ni yake.

Sasa sikiliza hapa. Chupa kubwa za lita 1.5 usiuze kwa kilo!! Kuna jirani anatengeneza sabuni ya maji, anazinunua 100 moja zikiwa zimeoshwa na zina vizibo vyake. Chupa 30 kwake ni 3,000, chupa hizohizo kwenye mzani hazizidi sana kilo moja. Tafuta watu wa sabuni mtaani kwako, hawakosekani.

Kwenye skrepa ndio niliumia nikajifunza. Nilikuwa na pangaboi bovu, akapita dogo na toroli anagonga kichuma chake, "shikamoo mama, una chuma chakavu?", nikampa, akapima akasema kilo 4, akanilipa bei ya chuma 2,400 nikafurahi. Hajafika mbali, kakaa kwenye jiwe pale kona, katoa bisibisi na nyundo, kafungua lile tumbo la katikati, akachomoa mviringo wa nyaya nyekundu zinang'aa kama mpya. Shaba! Nikamfuata, nikamuuliza wewe si ulisema chuma, akacheka, "mama ulisema chuma wewe". Na kweli nilisema mimi. Shaba kilo moja hapa inapita 10,000, chuma haifiki hata 1,000, aluminiamu ipo katikati, hizo ndio sufuria zilizotoboka na fremu za madirisha. Toka siku hiyo kitu chochote chenye mota, feni, blenda, hakitoki kwangu hakijafunguliwa. Nimeshakutana na mota nyingine ndani nyaya za aluminiamu zimepakwa rangi ya shaba, ukikwangua na kisu unaona nyeupe, kwa hiyo kwangua kabla hujaanza kupiga hesabu.

Ila waya usichome moto ili utoe plastiki, ule moshi ni sumu na watoto wapo hapo hapo uani, menya na kisu taratibu. Betri ya gari iuze nzima, usiifungue wala usimwage maji yake, ile ni asidi na ndani kuna madini ya risasi (lead), nayo ni sumu.

Mzani sasa. Hii mizani ya kuning'iniza inachezewa sana. Mimi nina dumu la lita 5, nalijaza maji, akija mnunuzi namwambia tupime hili kwanza baba. Lita 5 za maji ni kilo 5, ongeza kidogo ya dumu lenyewe. Mmoja mzani wake ulisoma 3 na nusu, akasema mama maji yako mepesi 😂😂 nikamwambia haya nenda salama. Wa sasa nipo naye mwaka mzima, hata nikiwa sipo anampimia binti yangu.

Maboksi yalipe yasilipe ni hali ya hewa tu, Machi mpaka Mei yakilowa hakuna anayeyataka. Maganda ya ndizi, viazi na makombo nilikuwa namlipa mtu wa taka ayabebe, sasa anachukua jamaa wa Kinyerezi mwenye nguruwe, ndoo 2 kila siku asubuhi, hanipi hela, ananipa trei ya mayai kila mwisho wa mwezi maana ana na kuku. Nimeweka sharti moja tu kwa wapangaji, ndani ya ndoo pasionekane kiwembe wala mfuko.

Halafu kuna watu wanatafuta chupa tupu za pombe kali za bei mbaya, iwe na kizibo chake na boksi lake, na dau wanalotaja unajiuliza hii chupa ina nini. Usiuze. Unajua kinachoenda kujazwa mle, pombe feki. Mimi za shemeji yangu nazivunja.

Kwa mwezi, nikikusanya na za wapangaji wenzangu (nao nawapoza na sabuni), napata kama 20,000, mwezi wa skrepa imewahi kufika 45,000. Haikutoi kwenye kazi yako mkuu, ila kwa mtungi mdogo wa gesi siugusi mshahara. Mtaji ni viroba 4, dumu la maji na bisibisi. Yangu ya nyota imepotea tangu juzi, na uvunguni kuna pangaboi la mama mwenye nyumba linanisubiri.