Uvinza haionekani kwenye ramani

Ndugu, umeuliza kwa nini Uvinza, Buhigwe na Kakonko hazitokei kwenye ramani yako ya rangi ya malaria mkoani Kigoma. Komponenti uliyounda, yaani kipande cha programu kinachochora ramani, iache ilivyo. Faili lako la mipaka litakuwa la kabla ya 2012, wilaya hizo zilipoanzishwa, tafuta jipya. Kisha unganisha takwimu na mipaka kwa namba ya halmashauri, si kwa jina: Kasulu ziko mbili, ya Mji na ya Wilaya (mimi zilinikesha usiku mzima). Halafu usipake rangi kwa idadi ya wagonjwa. Paka kwa wagonjwa katika kila watu 1,000, la sivyo unachora tu kule watu wanakojazana. Idadi kamili ionekane mtu akigusa wilaya.