Tairi la akiba la Land Rover kuukuu lisitundikwe mlangoni

Kama una Land Rover 109, ile ya zamani yenye chasisi ndefu, na unaishi huku Tabora, nakuomba leo jioni ufungue mlango wa nyuma, ushike kona yake ya chini upande wa kitasa, kisha uunyanyue. Mlango ukicheza juu na chini, bawaba zimeshaanza kuchoka, na kinachozichosha ni tairi la akiba ulilolitundika hapo.

Tairi la saizi ya 7.50-16 lenye mpira wa ndani na rimu ya chuma linapita kilo 30. Gari likiwa limesimama, mlango unaweza kulivumilia. Lakini ingia barabara za vumbi za vijijini Sikonge, au ukate kuelekea Ulyankulu, kwenye vile vituta vidogo vinavyofuatana bila kukoma. Kila mtikiso unauvuta mlango chini, halafu unausukuma nje. Mlango wenyewe ni bati la alumini juu ya fremu nyembamba ya chuma. Land Rover ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi ilitengenezwa kwa alumini. Alumini haishiki kutu, ila inapogusana na chuma na maji yakapenya katikati, huliwa polepole na kubaki unga mweupe. Mvua zetu za kuanzia Novemba hadi Aprili zinaifanya kazi hiyo vizuri kabisa. Utaona kwanza nyufa nyembamba kuzunguka boliti, halafu mlango unagoma kufunga, halafu vumbi lote la njiani linaingia kwa abiria.

Basi tuliweke wapi?

Boneti ni mahali pazuri kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa pikapu inayobeba mzigo. Ukishapakia marobota ya tumbaku nyuma, pua ya gari inakuwa nyepesi, na kilo hizo 30 mbele zinasaidia kidogo. Tairi haligusi tope, liko usawa wa kifua, na mtu mmoja analishusha bila msaada. Tena unaliona kila siku, kwa hiyo likipungua upepo unajua mapema. Ubaya wake ni asubuhi. Injini ya zamani inataka kukaguliwa maji na oili kila kabla ya safari, na kila ukaguzi ni kuinua boneti pamoja na tairi. Hakikisha fimbo inayoshikilia boneti ni nzima na inakaa sawasawa kwenye tundu lake, maana boneti yenye uzito huo ikiangukia mikono ya fundi, inavunja. Ubaya wa pili ni kuona mbele. Dereva mfupi hataona kisiki wala korongo lililo karibu na bampa, na njia zetu za miombo zimejaa visiki. Mkalishe dereva kwenye kiti kabla hujatoboa chochote. Na jua letu linapasua mpira, kwa hiyo lifunike kwa kipande cha turubai.

Juu ya paa sishauri. Uzito ukipanda juu, gari linayumba zaidi kwenye kona na kwenye mteremko wa upande, na kulishusha peke yako usiku kwenye tope ni kujitafutia kuumia mgongo.

Chini ya gari, kama zilivyo pikapu nyingi za Toyota, kwa 109 ya stesheni wagoni, yaani ile ya kubeba abiria yenye bodi iliyofunikwa mpaka nyuma, hakuna nafasi, kwa sababu tangi la mafuta liko huko nyuma. Hata kwa magari yenye nafasi hiyo, tairi la nyuma likipata pancha gari linalala, na la akiba linabanwa chini kabla hujalifikia.

Ndani linakaa salama na mwizi halioni. Pikapu nyingi za zamani zililibeba nyuma ya viti. Lifunge kwa boliti, lisiachwe huru hata kidogo, maana breki ya ghafla inalirusha kwa watu. Pancha ikitokea, utashusha kwanza magunia yote.

Stesheni wagoni yangu ina mkono wa chuma nyuma, unaobeba tairi na kufunguka pembeni, na kwa gari la kubeba watu ndio ninaoupendelea. Uzito wake unabebwa na boriti ya nyuma ya chasisi. Mlango haubebi kitu. Boriti hiyo ndiyo sehemu inayooza mapema kwenye Land Rover za zamani, kwa hiyo igonge kwa nyundo urefu wote kabla ya kumwita mchomeleaji. Ikitoa mlio mkavu wa chuma, endelea. Ikitoa sauti nzito au nyundo ikazama, tengeneza boriti kwanza.

Mwambie fundi aweke bamba la chuma nyuma ya boliti, bomba la mkono liwe nene, na pini ya bawaba ya mkono iwe na nipeli, kitundu cha kupitishia grisi. Mkono ukifungwa, tairi likandamize vipande vya mpira ili lisitikisike. Stadi, yaani boliti za kulishikia tairi, ziwe saizi moja na za magurudumu, spana moja itoshe kwa kazi yote. Lisining'inie chini ya bampa, la sivyo mkia utagonga kila ukipanda kutoka korongoni, na lisizibe taa wala namba za gari.

Ukirudi safari ya kwanza ya njia mbovu, kaza boliti zote upya, maana lazima zitalegea kidogo. Baada ya hapo kagua kila unapopaka grisi. Ukilaza gari mjini, pitisha mnyororo wenye kufuli kwenye matundu ya rimu mpaka kwenye mkono wenyewe.