Kufunga injini mwenyewe uani, kwa mara ya kwanza

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umeuliza kama unaweza kuiunda upya injini na kuifunga garini hapo uani kwenu Wete, Pemba, nawe hujawahi. Unaweza, ila usiwe na haraka.

Adui wako wa kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari hauchelewi kutia kutu silinda zilizoachwa wazi, kwa hiyo kila jioni zipake oili uzifunike kwa nailoni. Midomo ya ringi za pistoni, yaani pale ncha mbili za ringi zinapokutana, ipishane, isikae mstari mmoja. Kila ukikaza kepu ya beringi (kifuniko kinachoibana beringi ya krenki), zungusha krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwa mkono. Ikigoma, simama utafute sababu. Boliti za hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, anzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kupimia mkazo. Hiyo kaazime kwa fundi, usikisie.

Kuinyanyua injini: usitundike kapi kwenye tawi la mwembe, nakuomba sana. Tafuta cheni bloki (winchi ya mnyororo ya kunyanyulia) na nguzo za chuma, na asipite mtu chini yake.

Kabla ya kuwasha, toa plagi na fyuzi ya pampu ya petroli ili isiwake, kisha piga stata kidogo kidogo oili izunguke, mpaka taa ya oili izime.