Matawi yanayochipua na vyombo vyake: maswali yenu ya ikebana, sanaa ya Kijapani ya kupanga maua

Mwenzangu kazini hapa Nagoya amenipa fungu la matawi ya ume, plamu ya Kijapani. Nimeyatia yote kwenye jagi la kioo, yanaonekana kama kuni. Nimekosea wapi?

Umeyatia yote, dada, basi. Chagua moja. Lishike wima, uligeuze polepole mpaka upate upande wake wa mbele, kisha shika mkasi: ondoa vitawi vinavyopishana, vinavyorudi nyuma na vinavyoning'inia bila sababu. Ukifika mahali unaanza kuona huruma, kata kingine kimoja. Mwenye ume hutafuta vitu viwili pamoja: gome kuukuu lililokunjamana, na ubavuni mwake chipukizi la kijani lililonyooka kama mshale. Hayo ukiyapata, maua matano yanatosha. Wajapani wanaipenda ume kwa kuwa inachanua baridi haijaondoka, na ukiijaza chombo hiyo baridi haionekani tena.

Mimi niko Mombasa, sina vyombo vya Kijapani. Chungu kitafaa? Na nitajuaje urefu wa kukata?

Kitafaa sana, mama. Chungu kikivuja, tumbukiza kopo la maji ndani. Kapu nalo ni hivyo hivyo. Sen no Rikyu, gwiji wa sherehe ya chai ya Kijapani, alikata mianzi akaigeuza vyombo vya maua mwaka 1590, wakati wa kuzingirwa kwa ngome ya Odawara. Kimoja, kiitwacho Onjoji, kina ufa, na husimuliwa kwamba mgeni alipolalamika maji yanatiririka, aliambiwa uzuri wenyewe ni huo. Leo kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, na ufa wake.

Urefu unatoka kwenye chombo. Katika mtindo wa Sogetsu, shule iliyoanzishwa na Sofu Teshigahara mwaka 1927, unajumlisha upana na kina, unazidisha kwa moja na nusu. Bakuli la sentimita 30 kwa 5 litakupa tawi kuu, shin, la sentimita 52 hivi. La pili, soe, ni robo tatu ya hilo. La tatu, hikae, robo tatu ya la pili. Shin liegemee nyuzi 15 kutoka wima, soe 45, hikae 75. Ukishazoea, pima kwa jicho.

Matumba ya sakura yangu, mcheri wa Kijapani, yamegoma kufunguka.

Kata ncha tena, safari hii ikiwa ndani ya maji, ili hewa isizibe njia. Kisha pasua ncha hiyo kwa mkasi kama msalaba. Chumba kiwe na joto la wastani, mbali na hita, na maji ubadilishe kila siku. Kama matumba yalikuwa magumu kama punje ya mtama ulipoyakata, uliwahi mno.

Tawi nene linaangusha kenzani, kile kitako cha misumari.

Kata ncha kimshazari, pasua, kandamiza likiwa wima, ndipo ulilaze. Likizidi kuelemea, weka kenzani ya pili kichwa chini juu ya ukingo wa ile ya kwanza, upande ulio kinyume na mlalo wa tawi.

Huku Moshi hatuna majira ya kuchipua. Nifanyeje?

Mnayo, kaka, mnayaita mvua. Siku chache baada ya mvua nzuri mkahawa unachanua mweupe mwili mzima, maua yamebanana kwenye vifundo vya tawi, na baada ya siku mbili tatu yamekwisha. Hata sakura hudumu zaidi ya hapo. Tawi lake linalala lenyewe, kwa hiyo linafaa soe au hikae. Kwa shin tafuta kitu kilichosimama. Ila kila tawi unalokata ni buni unayoipunguza, kwa hiyo omba kwanza yale yanayopogolewa. Mwenye shamba akikukuta na mkasi, mimi hunijui.