Barua kwa mwanangu: hiyo pikipiki ya Arusha

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka huku Tukuyu. Sisi wazima, mvua haijakata, na baba yako bado anabishana na redio. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha zake zote, zikiwemo zile za tangi peke yake, ambazo sikuelewa ni za nini. Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, tabia uliyoitoa upande wa kina baba yako.

Umeuliza hivi: pikipiki yenye kilomita 90,000 ni ya kununua au imeshachoka? Unasema ni Yamaha XT600 ambayo Mjerumani mmoja alikuja nayo safarini akaiacha hapo Arusha, kisha kijana mmoja akaikata fremu nyuma, akaivua madigadi, akaipa kiti cha ngozi, usukani mpana na mita ndogo ya duara. Sasa anataka milioni sita. Na wewe umeshajiona Krismasi unashuka nayo nyumbani, kupitia Dodoma, Mtera na mlima wa Nyang'oro.

Mdogo wako amenisomea habari zake kwenye simu. Silinda moja, 595 cc, zimetengenezwa kuanzia miaka ya 1980 hadi 2003, kwa hiyo hata hiyo ingekuwa ya mwisho kutoka kiwandani, ina zaidi ya miaka 20. Na hilo la muuzaji kukwambia ndiyo iliyoshinda mbio za Paris hadi Dakar, mwambie iliyoshinda mwaka 1979 ni XT500, ndugu yake mkubwa, na aliyeipanda alikuwa Cyril Neveu. Huyo kijana hakuwepo.

Kuhusu kilomita, nina swali dogo tu. Kama mita ni mpya, hizo 90,000 nani alizihesabu?

Unajua nitakwenda wapi na hili. Ile pikipiki yangu ya kazini, AG100, mnaijua wote, wewe hasa, uliyekuwa ukikaa kwenye keria ya mbele ukijifanya dereva. Lakini habari ya mnada sijawahi kukusimulia yote. Nilikuwa nikifika hapo naangalia kama chai imechemka.

Nilikabidhiwa ikiwa mpya, na mabwana shamba wenzangu wakisema mwanamke ataitumbukiza mtoni. Kwa sura haikuwa kitu. Keria mbele na nyuma, stendi kulia na kushoto ili uisimamishe popote mteremko unapolalia, na cheni yote imefungiwa ndani ya kava, huioni kabisa. Aliyefikiria lile kava alikuwa analijua tope. Mimi Jumamosi zangu zilikuwa za pikipiki: kusafisha plagi, kukaza spoki, kuchungulia tangi la oili. Injini zile huchoma oili pamoja na petroli, na oili ina tangi lake, likikauka umekwisha. Mwenzangu wa kijiji cha pili alipewa ya kwake siku moja na mimi. Likamkaukia, ikanoki. Ikafunguliwa, ikafungwa, ikanoki tena, ikawekwa nyuma ya ofisi kuku wakawa wanataga chini yake.

Ya kwangu waya wa mita ulikatika siku moja nikitoka Mwakaleli. Sikuushughulikia, fedha ya spea ilikuwa inakwenda kwenye tairi. Mita ikasimama kwenye 38,000 na mimi nikaendelea kutembea miaka.

Basi, miaka ile ya 1990 tulipopunguzwa kazini, pikipiki zikapigwa mnada. Nilijiandaa. Nilimuuza yule ng'ombe mwekundu, ambaye bibi yako alinisema kwa ajili yake mpaka anazeeka. Nikafika mapema, fedha nimeifunga kwenye kanga. Dalali akainama, akasoma mita, akapaza sauti: "Kilomita 38,000 tu, na ilikuwa ya bibi shamba!" Nikasema kwa sauti, mbele za watu, mita hiyo ilikufa zamani, imetembea zaidi ya mara mbili ya hapo. Watu wakacheka! Wakasema mama anaishusha bei ili aichukue yeye. Walikisadiki kile kisahani cha plastiki, mimi niliyeikalia miaka yote wakaniona mjanja. Na kila mmoja pale alijua nilivyoitunza, hata watoto wa shule, kwa hiyo bei ikawa inapanda kwa jasho langu mwenyewe. Wanasema chema chajiuza. Kilijiuza kwa mfanyabiashara mmoja aliyenizidi kwa shilingi elfu tano. Yale mabati ya jikoni, mnayodhani baba yako alileta kutoka Mbeya, ni ng'ombe yule.

Na ile ya mwenzangu ilikuwa na kilomita chini ya 20,000, za kweli, wala mita yake haikuwa na kasoro. Ilikwenda kwa bei ya chuma chakavu.

Ndiyo maana nakwambia, na nitakwambia tena: uliza mikono. Kilomita ni za barabara. Mikono ndiyo iliyobadilisha oili au haikubadilisha.

Sasa sikia ambacho kinaniuma mpaka leo. Yule bwana akaipaka rangi nyekundu, akatoboa ekzozi ili ingurume, na lile kava la cheni akalitoa akalitupa. Ili ionekane ya kisasa, akaniambia, tulipokutana sokoni. Alifurahi kuniona! "Mama, mashine yako hii, nimeirembesha." Nikaangalia cheni imejaa tope, inalia kila ikizunguka, nikamjibu hongera. Ningemwambia nini? Masika hayajaisha, nikaiona inasukumwa.

Kwa hiyo mimi swali langu kwa huyo kijana wa Arusha halihusu kilomita. Namuuliza, umetoa nini? Kiti na usukani ni mambo yake. Lakini nimezikuza picha zako, na nyuma ya kabureta naona kichujio kidogo cha hewa kimening'inia uchi. Boksi lake la kichujio liko wapi? Lile boksi ndilo linalozuia vumbi na maji, na kabureta ilipimwa kwa hewa ya boksi lile, haikupimwa kwa hewa ya kichujio cha urembo. Wewe unataka kuvuka nchi nayo. Na fremu iliyokatwa nyuma, nani amechomelea, na mkeo atakaa wapi? Na nyaya zote alizoficha chini ya kiti ili zisionekane, siku taa ikizimika usiku kule Mtera utazitafutia wapi?

Ngoja, nisijifanye mjuzi kupita kiasi. Baba yako amesoma hapa juu ya bega langu, ameuliza: kama mikono ndiyo kila kitu, mbona iliyotoka mikononi mwako ilikufa masika yaleyale? Nimekaa nikafikiri. Kweli yule bwana alinunua chombo kilichotunzwa, tena kwa bei kubwa, na hakikumsaidia. Basi hata mikono ya zamani haitoshi, kuna na mikono itakayopokea. Hapo, mwanangu, naikumbuka baiskeli ya mjomba wako iliyolala kwenye mvua likizo nzima, na sitasema zaidi. Ulikuwa mtoto. Lakini sasa unaye mtoto, na Jumamosi zako najua unazimalizia wapi.

Halafu kadi. Hili sibishani na mtu. Mgeni akiingia nchini na chombo kwa karneti, ile hati ya kukipitisha kwa muda tu, kimeruhusiwa kupita, hakijalipiwa ushuru. Akikiacha bila kulipa, hakuna aliyekinunua kihalali, hata kama kimebadilisha mikono mara ngapi. Mwambie akuonyeshe kadi ya TRA yenye jina lake, kisha wewe mwenyewe usome namba ya chesisi kwenye fremu na namba ya injini, na zilingane na kadi. Ukikuta pale penye namba pamesagwa au pamepakwa rangi nene, aga vizuri uondoke. Akianza habari za "kadi ipo kwa jamaa", aga pia.

Nenda na fundi, na awe fundi unayemlipa wewe, asiwe rafiki wa muuzaji. Ukifika weka mkono kwenye injini kabla hujasalimia. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha ili isikuaibishe. Kaa unywe soda mpaka ipoe. Ikiwaka, simama nyuma ya ekzozi. Moshi wa bluu kidogo mwanzoni halafu ukakoma, huenda ni mpira wa valvu, si msiba. Ukiongeza moto na moshi nao ukaongezeka, ni ringi, na hapo milioni sita ni mwanzo tu wa gharama. Inueni tairi la mbele, mgeuze usukani polepole msikilize beringi. Lishikeni la nyuma mlitikise kushoto na kulia. Mdogo wako anasema wenye XT600 wanalalamikia shafti inayobeba spoketi ya mbele, kwamba meno yake husagika, na dawa yake ni kufungua injini. Kwa hiyo kava la spoketi litolewe mbele yako. Na oili ya pikipiki hizo haikai yote chini ya injini, ina tangi lake. Ipimwe injini ikiwa imepata moto, maana ikipimwa baridi watu hudanganyika kuhusu kiasi kilichomo.

Sasa unasubiri niseme. Nilijiapiza kutowaamulia wanangu mambo ya fedha tangu lile sakata la dada yako na kiwanja cha Uyole, na unajua nilivyosemwa. Kwa hiyo sisemi. Kama ungekuwa jirani ningesema, tena kwa neno moja. Ila pia nimeona uso wako kwenye ile picha uliyokaa juu yake, na sijakuona na uso huo tangu uanze kazi ile. Basi sisemi.

Nenda Jumamosi asubuhi na usimwambie saa utakayofika. Usitoe advansi, hata akikwambia kuna mtu wa Moshi anakuja na fedha mchana. Huyo mtu wa Moshi hajawahi kukosekana tangu nianze kununua vitu. Jioni unipigie, uniache nimalize sentensi. Na ukituma picha, nataka ya meno ya spoketi, ya pale fremu ilipochomelewa, na ya kadi pande zote mbili. Za tangi zinanitosha.

Mama yako