Shingo Yauma Kabla ya Tumbo: Barua ya Mshonaji wa Kadutu Kuhusu Pilates

SWALI

Jambo Mama Mshauri. Mimi ni mshonaji, nina miaka 41, na mashine yangu iko Kadutu, hapa Bukavu, si mbali na soko. Nimezaa watoto 3, wa mwisho kwa upasuaji, naye sasa ana miaka 4. Kwa kuinama juu ya mashine tangu asubuhi hadi jioni mgongo wa chini unaniuma, na rafiki yangu akanishauri nifuatane naye kwenye mafunzo ya Pilates, yale mazoezi ya polepole ya kuimarisha tumbo na mgongo, katika ukumbi mmoja kule Ibanda. Nimekwenda mara 2. Wenzangu walilala chali, wakainua kichwa na miguu kwa pamoja, wakawa wanapigapiga mikono hewani huku mwalimu akihesabu hadi 100. Mimi nilipofika 30 shingo ilikuwa inawaka moto, sikujua tena ni wakati gani wa kuvuta pumzi na ni wakati gani wa kuitoa, nikabaki nimelala naangalia dari kwa haya. Mume wangu naye anasema mchezo usiotoa jasho si mchezo. Je, niendelee, au mwili wangu haukuumbwa kwa mambo haya?

JIBU

Mama, endelea, lakini usiendelee kwa namna ulivyoanzishwa.

Zoezi lililokuchoma shingo huitwa Mia, na ndilo la kwanza katika mazoezi 34 ya sakafuni ambayo Joseph Pilates aliyachapisha mwaka 1945. Kwa kuwa limetangulia katika orodha, walimu wengi hulitanguliza pia katika mafunzo, hata kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ametandika mkeka wake. Mimi naona hilo ni kosa, na nimeliona likiwafukuza wanawake wengi ambao wangefaidika. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, na unapokiinua ukiwa umelala chali, misuli ya tumbo ndiyo inayopaswa kuvuta kifua juu ili shingo isibebe mzigo peke yake. Tumbo ambalo halijajifunza kazi hiyo huiachia shingo yote, nayo shingo haina nguvu hizo. Kwa hiyo maumivu uliyoyapata hayasemi lolote juu ya namna ulivyoumbwa. Yanasema tu kwamba somo la pili lilifundishwa kabla ya la kwanza.

Somo la kwanza ni pumzi, na unaweza kulisoma nyumbani jioni hii. Tandika mkeka sakafuni, weka juu yake blanketi lililokunjwa mara 2, kwa sababu saruji tupu huumiza mifupa ya kiuno na godoro nalo hudidimia. Kabla ya kulala, zungushia kikwembe kwenye mbavu zako za chini, pale chini ya matiti, upishanishe ncha zake mbele na kuzishika bila kukaza sana. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zimekanyaga chini. Vuta pumzi kwa pua, polepole, ukijaribu kukifanya kikwembe kikaze ubavuni na mgongoni, si juu ya kifua wala mabegani. Kisha toa pumzi kwa mdomo, ndefu, mpaka uhisi kikwembe kinalegea na mbavu zinashuka. Unapokaribia mwisho wa kutoa pumzi, ivute ndani sehemu ya tumbo iliyo chini ya kitovu, taratibu, kama unavyofunga zipu ya sketi kutoka chini kwenda juu. Wewe ni fundi, unajua kwamba zipu ikivutwa kwa nguvu hukwama, na tumbo nalo ni vivyo hivyo: ukilibana kwa nguvu zote, pumzi hukatika na mgongo hukakamaa. Rudia mara 10, basi. Zoezi hili huonekana kama si kitu, lakini ndani yake misuli ya ndani kabisa ya tumbo, ile inayouzunguka mwili kama mshipi mpana, inaanza kuushika uti wa mgongo, na kwa mtu anayeshinda ameinama kazi hiyo ina thamani kubwa.

Ukishalizoea kwa siku chache, ongeza kuinua kiuno. Ukiwa umelala vilevile, toa pumzi huku ukibandua mgongo kutoka sakafuni kuanzia mfupa wa mkia, pingili moja baada ya nyingine, kama mtu anayebandua mkeka uliogandamana na saruji, mpaka ubaki umeegemea mabega. Vuta pumzi hapo juu, kisha uteremke kwa kutoa pumzi, pingili za juu zikitangulia kugusa chini. Mara 6 zinatosha.

Ukirudi ukumbini, na mwalimu akaita Mia, kiache kichwa chako juu ya mkeka, kunja magoti, kanyaga chini, upige mikono ukiwa hivyo: vuta pumzi kwa mapigo 5, itoe kwa mapigo 5, mara 10, na hiyo ndiyo 100 yenyewe. Hakuna haya katika hilo. Siku ambayo utamaliza zote bila tumbo kutuna wala mgongo kujikunja, ndipo utainua kichwa, ukianza kwa kuinamisha kidevu kidogo kuelekea kifuani.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, lakini kwa kuwa umezaa mara 3 siwezi kulipita. Mimba huachanisha misuli miwili ya mbele ya tumbo, na kwa wanawake wengine haikaribiani tena vizuri hata baada ya miaka. Lala chali, kunja magoti, weka ncha za vidole juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa kidogo tu. Ikiwa kati ya misuli vidole vyako zaidi ya 2 vinazama, au ukiona katikati ya tumbo panasimama kama tuta, acha kwanza mazoezi yote ya kuinua kichwa na umwone mtaalamu wa tiba ya viungo, yule tunayemwita kine. Fanya hivyo pia kama mkojo hukutoka unapokohoa au kucheka. Wanawake huvumilia shida hiyo kimya kimya wakidhani ndiyo malipo ya uzazi, na hapa kwetu Bukavu hakuna sababu ya kukaa nayo, maana Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, imewatibu wengi wenye shida ya mkojo kuvuja. Na kama maumivu ya mgongo yakishuka mguuni pamoja na ganzi, au ukashindwa kuzuia haja, hilo si la mkeka tena, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu Baba watoto, kuna ukweli katika maneno yake. Pilates haimfanyishi moyo kazi kama kutembea kwa haraka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, na zaidi ya hizo siku 2 za kuimarisha misuli. Wewe unayepanda kutoka Ibanda hadi Kadutu kwa miguu jasho umeshalitoa njiani. Pilates inakaa katika zile siku 2 za misuli, na mume wako akitaka kujua kama ni mchezo, alale kando yako ainue kiuno mara 6 kwa mwendo wa polepole niliouandika hapo juu.

SWALI

Mimi ni dereva wa pikipiki hapa Bagira. Kiuno changu kinauma kwa barabara zetu, lakini wenzangu wanasema Pilates ni ya wanawake. Ni kweli?

JIBU

Kaka yangu, aliyeianzisha, Joseph Pilates, alikuwa mwanamume, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1883. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akafungiwa kambini kama raia wa nchi ya adui, na humo ndimo alimoendeleza mazoezi yake pamoja na wafungwa wenzake. Mwaka 1926 alihamia New York, na wacheza dansi wa huko wakayapenda. Nenda bila wasiwasi, ila muulize mwalimu alisomea wapi na kwa muda gani, kwa kuwa jina la Pilates halina mwenyewe tangu mahakama ya New York ilipolitolea hukumu mwaka 2000, na yeyote anaweza kuliandika mlangoni. Wanaume wanaoshinda wamekaa huwa wamekaza misuli ya nyuma ya mapaja, hivyo ukiambiwa ukae na kunyoosha miguu mgongo wako utapinda kama upinde. Usishindane nao: kalia blanketi lililokunjwa mara 4, legeza magoti kidogo, na mgongo utanyooka bila kulazimishwa.